Pampu Iliyokataa Kusimama

Kila asubuhi kabla ya kengele, Chiriku alipita bustani ya shule kumwamkia mtunza bustani. Walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Lakini mbele ya kompyuta alitulia kama maji mtungini.

Yeye ndiye aliyeiandikia programu pampu ya sanduku la miche. Ilimwaga nusu lita kila mpigo. Jumla ikiwa lita moja kamili, isimame. Siku zote ilisimama.

Asubuhi hiyo mtunza bustani alimwambia, "Mjukuu wangu, miche inataka maji kidogo kidogo." Chiriku akabadilisha nusu ikawa 0.1, akakimbilia darasani bila kujaribu.

Mapumziko alikuta miche sitini inaogelea. Ilikuwa ipandwe Ijumaa.

"Leo umenipandia mpunga?" mtunza bustani aliuliza, akiizima pampu kwa mkono.

Rafiki wa Chiriku, aliyekuja naye, akamnong'oneza, "Sema pampu mbovu. Nani atajua?"

"Mungu anajua. Na mimi najua."

Walipokwisha kumwaga maji, Chiriku alimwendea mwalimu wa kompyuta. "Mwalimu, pampu ni nzima. Kosa ni langu, ila silioni."

"Basi tulitafute."

Chiriku akaiamuru kompyuta ioneshe jumla kila mpigo. Mpigo wa kumi ukaja: 0.9999999999999999. Tisa zimepangana kama siafu! Uliofuata ukapita moja.

"Kumbe kompyuta haijui kujumlisha?"

Mwalimu akacheka. "Gawanya moja kwa tatu."

"Sifuri nukta tatu, tatu, tatu… haiishi."

"Kompyuta ina tarakimu mbili tu, sifuri na moja. Nusu inaiandika kamili. Sehemu ya kumi kwake haiishi, kwa hiyo inaikata mkia. Wewe ulingoja moja kamili, nayo haikufika."

Chiriku aliruka. "Basi nihesabu mililita! Mia mara kumi, elfu. Nambari nzima hazina mkia!"

Akaandika pia: ikifika elfu au ikizidi, simama. Safari hii akaijaribu mara tatu kwenye ndoo. Mara tatu pampu ikanyamaza yenyewe.

Ijumaa miche hamsini na sita ilipandwa. Mtunza bustani alimtazama Chiriku kwa fahari.

"Ungeisingizia pampu, tungenunua nyingine, nayo ingezamisha miche vilevile," alisema. "Umejitokeza, ndiyo maana tumepona. Shika hili, mjukuu wangu: kosa lisilo na mwenyewe halipati fundi."