Je, Ulimaanisha Dada?

Mwanzoni kilikuwa kiharufu tu, cha nywele zilizoungua, kikitoka nyuma ya kompyuta ya duka la kuchapa. Meneja alifungua dirisha akaendelea na soga zake. Umeneja huo alijipa mwenyewe. Duka lilikuwa la dada yake, mashine za dada yake, na hata shati alilovaa alinunuliwa na dada yake. Alichokiweza barabara ni kupiga domo.

"Injini ya kutafuta haisomi maneno tu," aliwaambia wateja, kifua mbele. "Inapima nia. Ukiandika 'paa linavuja', inajua unataka fundi, si yule mnyama wa porini."

Nia yake mwenyewe ingepimwaje, bwana mkubwa hakujiuliza.

Asubuhi hiyo, dada akiwa chumba cha nyuma anajalidi vitabu, Meneja aliandika: sumu ya panya isiyo na ladha. Humo dukani hamkuwa na panya hata wa dawa.

Kioo kikajibu: "Je, ulimaanisha: sumu ya dada isiyo na ladha?"

Akafuta. Akaandika upya, polepole. Ndipo mashine ikapumua, naam, ikapumua, pumzi ya moto ikampiga usoni, feni ikazimika, harufu ikamjaa kooni, na vitufe vikaanza kubonyea vyenyewe huku yeye ameinua mikono kama mwizi aliyefumaniwa, vikiandika: "Panya huyo hunywa chai saa ngapi? Akifa, duka linarithiwa na mdogo wake?"

Alifumbua mdomo apige kelele, na jina lililomjia, kwa aibu yake, likawa "Dada!"

Mchana alimleta mganga, akimwambia dada kuwa huyo ni fundi. Mganga akafukiza ubani, akasikiliza kioo.

"Mnaiita wenyewe injini," alisema, "halafu mnashangaa kukuta jini? Wewe ulitafuta nini?"

"Dawa ya panya tu, mzee," Meneja alinong'ona.

Mganga alitazama pembe za duka, safi zote, kisha akamtazama yeye kwa muda. Akasoma, akapuliza, harufu ikakatika.

"Nimemtoa. Ila sikumwambia aende wapi."

Mtu mwenye akili angekoma hapo. Huyu alikwenda duka la jirani kuulizia sumu kwa mdomo, maana muuzaji hapimi nia ya mtu, na jioni akamletea dada chai.

"Jamani, mdogo wangu, siku hizi una huruma!" dada alisema, akaweka kikombe mezani. Kwa furaha akaandika kwenye simu yake: zawadi ya kumshukuru mdogo wangu.

Simu ikapata moto mkononi. Kiharufu cha nywele zilizoungua kikapanda.

"Je, ulimaanisha: dalili za sumu ya panya?"

Alisoma mara mbili. Akainua macho, akamkuta mdogo wake amekikodolea macho kikombe, kijasho kikimtiririka.

Dada akakisukuma kikombe taratibu hadi upande wa pili wa meza.

"Kaa, mdogo wangu," akasema. "Leo anza wewe."