Wawili Wananitosha

Stendi ya Ifakara ilikuwa imefurika siku ile Evod aliposimama mbele ya sufuria la wali la Agnella. Basi la Mlimba lilikuwa likipiga honi, abiria wakigombea viti, na kijana huyu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi na raba zilizojaa vumbi hakutaka chakula.

"Dada, pole na kazi. Mimi ni mshenga."

"Nani anaolewa hapa?"

"Mgahawa wako. Unapika mwenyewe, unaosha vyombo mwenyewe, wateja wanapiga meza. Nikutafutie mchumba?"

Agnella alimkagua kuanzia juu hadi chini. Matapeli aliwajua. Mdogo wake Digna aliwahi kutoa ada kwa wakala wa ajira, mtu wa suti na maneno matamu, na hoteli aliyoahidiwa kazi ikaja kuonekana haikuwahi kujengwa.

"Na ada unachukua kwanza, siyo?"

"Sichukui. Mtu akifanya kazi ukaridhika, ndipo tuzungumze. Asipokufaa, namrudisha kwao."

"Ofisi yako iko wapi?"

"Barazani kwa fundi cherehani. Meza ni yangu, kiti ni cha fundi."

Agnella alicheka bila kukusudia, akajikasirikia kwa kucheka.

Kampuni yenyewe iliitwa Mshenga wa Kazi. Evod hakuwa na uwezo wa redio wala mabango, basi akamchukua Mzee Fulgensi, mstaafu wa reli mwenye sauti ya kutangazia treni. Mzee alizunguka kwenye mashine za mpunga na gesti, kofia mkononi, akibisha hodi kama anakwenda kuposa: "Tulikuwa tunapita, tukaona ua limechanua bustanini kwenu." Watu walicheka, wakasimuliana, na hilo ndilo likawa tangazo.

Agnella akaletewa wawili, Anold wa vyombo na Edna wa jikoni. Aliwavizia wasiibe, hawakuiba. Evod naye akawa mteja wa wali na kambale kila mchana, na jioni akawa mtu wa simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Unamuuliza mpishi?"

"Mpishi ndiye hulala na njaa."

"Nimekula. Na hapo uko na nani? Nasikia mwanamke."

"Ni redio, Agnella wangu."

"Izime nisikie."

Evod aliizima. Agnella akasikiliza ule ukimya kwa makini, akauona unafaa, ndipo akamtakia usiku mwema. Kumpenda alishampenda. Kumwamini ndiko kulikomshinda.

Mchana mmoja, mkaa unagoma kuwaka na wateja wanalalamika, akaingia Mzee Fulgensi amevaa koti kwenye joto lote lile.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nimetumwa. Kuna kijana alikuwa anapita, akaona ua limechanua. Anaomba aelekezwe kwa wazee wako."

Agnella alichoka. Kumbe Evod sasa anataka kupeleka matangazo yake hadi Namawala kwa baba.

"Mzee wangu, mwambie aliyekutuma ninao wawili tayari, na wananitosha. Na kwa baba asithubutu kwenda."

"Wawili?"

"Wawili. Huyo wa tatu nitamweka wapi?"

Mzee Fulgensi alivaa kofia yake, akaondoka bila hata kunywa maji.

Tangu hapo Evod hakuonekana. Simu yake iliita mpaka ikakatika. Agnella akajiambia ndivyo walivyo, wakishashiba huhama. Halafu Happyness, muuza soda wa jirani, akaja kumwaga petroli kwenye moto.

"Shoga, shemeji nimemwona stesheni na dada mmoja mweupe. Kambebea na begi."

Agnella alivua aproni, akajifunga kilemba cha kitenge cha bluu, maana hata kugombana kuna mavazi yake, akaenda moja kwa moja hadi barazani kwa fundi.

"Ulibeba begi la nani?"

Evod hakuinua kichwa. "La mpishi aliyepata kazi Mlimba. Linakuhusu?"

"Simu hupokei, chakula huli. Nilijua tu. Wakala ni wakala."

"Agnella, nenda kwa wawili wako."

"Wawili gani?"

"Wanaokutosha. Nimekutumia mshenga, ukamjibu mbele za watu kwamba wanaume unao wawili na wa tatu huna pa kumweka."

Fundi alisimamisha cherehani.

"Nilimaanisha Anold na Edna," Agnella alisema polepole.

"Mimi nilimtuma akuombe wewe."

"Kwa maneno yaleyale ya biashara?"

"Ndiyo maneno ya posa, ningemwambia atumie yapi mengine? Biashara ndiyo iliyoyaazima."

Fundi alicheka hadi akashika kifua. Wao wawili hawakucheka. Macho ya Evod yalikuwa mekundu.

"Kila mteja wako nimemtilia shaka," alisema. "Hata yule babu wa chai."

Aibu ilimshika Agnella, na uchungu pia. Alimchunguza mwanamume huyu hadi redio yake, na siku alipoleta neno la kweli hakumsikiliza.

"Mrudishe mzee," alisema.

"Amekataa. Anasema hatukanwi mara mbili."

"Nitamwomba radhi mwenyewe." Akatoa simu, akapiga Namawala. "Shikamoo baba. Jumamosi usiende shamba. Kuna wageni."

"Wageni gani?"

"Wanakuja kubisha hodi kwa ajili yangu."

Tangu yaliyompata Digna, nyumba ile haikupokea mgeni bila kumhoji mlangoni.

"Huyo kijana anafanya kazi gani?"

"Ni wakala wa ajira, baba."

Evod aliinamia meza yake.

"Wakala," baba alisema. "Na wewe unamwamini?"

"Namwamini, baba," alisema Agnella, akimtazama Evod.