Viduara Vitatu vya Danielle

Danielle alikuwa anasonga bukari nyumbani kwao, mtaa wa Panda. Mume wake, Gauthier, alikuwa anatoa ukutani kalenda ya parokia ya mwaka uliokwisha. Gauthier husoma mita katika kiwanda cha shaba, na macho yake hayaachi kitu.

"Bibi, hivi viduara vya bic njo nini?"

"Vintu vya bamama. Acha."

"Mwezi wa pili kimoja. Wa sita kimoja. Wa kumi kimoja. Kule kazini, mashine ikifanya vile, tunaisimamisha."

"Minye shiko mashine."

Danielle hakucheka. Viduara vilionyesha siku zake za hedhi: mara tatu tu mwaka mzima. Miaka minne ya ndoa, na mtoto hakuna. Mama mkwe alikuwa ametuma neno kwamba siku ya Pasaka familia itakaa kikao. Danielle alijua watazungumza nini: kumtafutia Gauthier bibi mwingine.

Lakini mama mkwe huyo huyo alizisifu nywele za kidevuni mwa Danielle. Kwao, mwanamke mwenye ndevu kidogo huitwa mwenye baraka. Danielle hakuwahi kuzinyoa, wala kuuliza habari zake.

Gauthier hakuiacha kalenda. Aliikunja, akaibeba, wakaenda pamoja kwa mama Karima, muuguzi wa kituo cha afya.

"Hizi ndevu zilianza lini?" mama Karima aliuliza.

"Ni baraka, mama."

"Ndevu peke yake hazina mubaya. Lakini zikikuja pamoja na siku zenye kupotea, zinatuambia kintu."

Daktari wa kituo alimpima Danielle damu na sukari, akapiga picha ya tumbo. Kisha mama Karima aliwaeleza.

"Kila mwezi ovari inakomaza yai. Kwa weye, mayai yanaanza kukomaa, halafu yanasimama njiani. Homoni haziko sawa."

"Nani alimufanyia vile?" Gauthier aliuliza.

"Hakuna muntu. Haiko bulozi. Bamama wengi beko nayo, ni vile tu hawasemi."

"Inaisha?" Danielle aliuliza kwa sauti ndogo.

"Haiishi kabisa. Inatunzwa. Tembea kila siku. Punguza vinywaji vya sukari na mikate ya mafuta. Kunywa dawa vile dokta aliandika. Wengi wanapata watoto. Na weye, baba, utapimwa pia."

"Minye?"

"Mutoto anatoka kwa bantu babili."

Hapo Danielle alicheka.

Kila asubuhi walitembea mpaka kwenye reli na kurudi. Gauthier aliacha soda, maana hakutaka kuzinywa mbele yake. Kwenye bomba, jirani yao Chérie aliuliza, "Danielle, bwana anakuchunga?"

"Ananisindikiza."

Siku ya Pasaka mama mkwe alifika. Kabla hajasema, Gauthier alisema.

"Mama, shida tunaijua, na ni yetu babili. Bibi mwingine shitafuti."

Mama alikitazama kidevu cha Danielle, akaguna. Kisha akauliza polepole, "Ule dokta, anapokea siku gani? Dada yako Joëlle, naye siku zinamupotea."

Mwezi wa nane, kalenda mpya ilikuwa na viduara vitatu. Wa sita, wa saba, wa nane, vimefuatana. Gauthier alivihesabu kwa kidole, kalamu ya bic mkononi.

"Mashine inatembea."

"Nilisema shiko mashine," Danielle alisema, akamnyang'anya bic. "Vaa viatu, twende reli."