Nyuzi Nyuma ya Dashibodi

Moshi ulianza kupenya matundu ya dashibodi, kisha injini ikazima kama taa. Pikapu ilitambaa hatua chache na kusimama katikati ya vichaka vya miiba, huko nyika za ndani ya Kinango. Jua lilikuwa limesimama utosini.

"Kaa humo humo!" Riyadh akaruka nje.

Nasiha hakukaa. Alimkuta kaka yake ameshafungua boneti na moto unakula nyaya kando ya turbo, feni ya chuma inayoisukumia injini hewa. Riyadh alilishika fungu zima la nyaya kwa mikono mitupu, akalinyofoa. Viganja vikagusa chuma cha turbo. Ukelele wake uliwarusha kanga vichakani.

Nasiha aliupiga moto kwa gunia mpaka ukafa. Alipogeuka, Riyadh alikuwa amepiga magoti, mikono mbele kama anayeomba dua. Ngozi ya viganja haikuwepo tena.

"Maji," alisema.

Dumu lilikuwa na lita mbili tu. Nasiha akaanza kummwagia.

"Basi, basi! Tutakunywa nini?"

Simu hazikupata mtandao. Barabara ya lami ilikuwa kilomita thelathini nyuma yao, na kinyesi cha ndovu njiani kilikuwa bado kibichi.

Kabla ya safari hii, kwa miezi mitatu Riyadh aliijenga upya injini ile kwenye karakana ya Mbaraki, akaiingiza katika pikapu ya marehemu baba yao. Kila jioni aliijaribu kwenye vichochoro vya Mji wa Kale hadi Ngome ya Yesu na kurudi, nyuma ya mikokoteni na paka. Kisiwani kwao hapana mlima wala nafasi ya mwendo kasi. Turbo haikuwahi kupata moto wa kweli, na nyaya alizozipitisha karibu nayo zilionekana salama. Leo, na mifuko ishirini ya saruji ya mteja mgongoni, vilima vililifichua kosa lake.

"Nyaya nne ndizo zinazoiwasha," alisema, meno yakigongana. "Mbili za sensa inayopima mzunguko wa injini, mbili za pampu ya mafuta. Lakini zote nyeusi, nilinunua roli moja la waya. Alama zangu za karatasi zimeungua. Ukikosea moja, kompyuta ya injini imekufa. Na sisi pia."

Nasiha alitazama chini. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kutazama chini, kofia ya vito anayoidarizi mapajani, sindano mkononi.

"Kaka, nyuma ya dashibodi mna nyuzi."

"Nyuzi gani?"

"Zangu. Nilifunga uzi wa rangi yake kwenye kila waya ulipokuwa ukiunga."

"Si nilikwambia uzitoe? Nilikwambia hili ni gari, si kofia!"

"Nilizitoa za huku mbele. Za ndani hukuziona."

Riyadh alimkodolea macho, kisha akacheka kicheko kilichogeuka kikohozi. "Mkaidi wewe. Na huo upole wote!"

Nasiha alijikunja chini ya usukani. Nyuzi zilikuwapo. Nyekundu na kijani za sensa, njano na nyeupe za pampu. Alihitaji waya mzima wa kuziba pengo, akang'oa ule wa muziki.

"Spika zangu, Nasiha!"

"Utaimba mwenyewe."

Huo ulikuwa mzaha wa mwisho baina yao siku hiyo. Mchana ulipozidi kuwaka, Riyadh alilala chini ya gari na kuanza kumwita baba yao. Nasiha alimtia maji mdomoni kwa kizibo cha dumu, kizibo kimoja kimoja, yeye mwenyewe akilamba midomo yake iliyopasuka. Alichuna nyaya kwa meno. Alizisokota, akazifunga tepu, akazipitisha upande wa pili, mbali na turbo.

Akageuza swichi. Stata ikazunguka, injini haikushika.

Akageuza tena. Pampu haikulia, akajua kosa liko kwenye nyaya zake. Alirudi kwenye waya wenye uzi mweupe, akavuta, na kiungo kikamfunguka mkononi. Alikisokota upya, mara tatu, kama anavyokaza tundu la kofia, akasema bismillahi.

Injini ikanguruma.

Alipanda nyuma akaisukuma mifuko ya saruji chini mmoja mmoja kwa miguu, ili turbo isichemke tena. Akambeba Riyadh nusu, akamburura nusu, mpaka kitini. Nasiha hakuwahi kuendesha gari ila kulirudisha nyuma uchochoroni.

"Klachi," Riyadh alinong'ona, macho ameyafumba. "Pole pole."

Kilomita thelathini hadi lami zilimla saa tatu. Walipovuka daraja kuingia kisiwani, dumu lilikuwa kavu na Riyadh hakuwa akiongea. Hospitalini muuguzi alimchukua kwa machela, akauliza nani amemleta. Nasiha aliinua mkono mweusi wa masizi, na kwa mara ya kwanza hakutazama chini.

Miezi miwili baadaye, Riyadh alikuwa amekaa barazani, mikono bado ndani ya bendeji, akimtazama dada yake akiingiza fungu jipya la nyaya kwenye pikapu. Nasiha alifunga nyuzi nyuma ya dashibodi, akaanza kukusanya vifaa.

"Umemaliza?" Riyadh akauliza.

"Ndiyo, kaka."

"Hujamaliza," alisema. "Zifunge na huku mbele."