Mguu Usiosikia Pini

Mtaa ulijua Fundi ameamka ukisikia cherehani. Ta-ta-ta-ta, dirisha la mbele wazi, na yeye yuko kwenye kiti chake. Tepu shingoni, chaki nyuma ya sikio, miguu peku juu ya pedali.

Kushona peku ilikuwa sheria yake. Viatu alivivua mlangoni, akavisukuma chini ya meza ya kukatia. Alisema mguu ukivaa kiatu unakuwa kiziwi, hausikii mashine inataka nini. Wateja walicheka. Mkewe, Mama Pacha, alikuwa ameyasikia maneno hayo tangu pacha wao hawajazaliwa, na sasa pacha wenyewe wana nyumba zao.

Fundi alikuwa na kisukari. Hospitali walimpa vidonge, akavimeza vizuri tu. Kilichomsumbua ni miguu. Kila akijilaza iliwaka moto, kama ameichomeka jikoni. Mama Pacha alikuwa akiikanda mpaka anasinzia ameishika. Halafu moto ukaanza kupungua, polepole. Mwisho ukazimika kabisa.

Basi Fundi akafurahi, hakuna mfano. Akamwambia mkewe miguu imepona, ugonjwa unafunga virago. Jambo la pili hakumwambia. Kwa kuwa anapona, vidonge alikuwa ameanza kuviruka. Leo anameza, kesho anasahau makusudi.

Watu wa Shirika walishamwita mara nyingi. Hilo ni shirika la afya linalosaidia watu wenye kisukari, lina chumba chake kando ya zahanati. Pale watu hupimwa sukari, hukaa, huulizana maswali bila kuoneana haya. Ukikwama unapiga simu, wanakuja. Aliyekuja mara nyingi ni dada mmoja mnene, mcheshi. Mtaani walimwita Dada Vua Viatu, maana salamu hazijaisha vizuri ameshataka kuona miguu yako. Fundi alimkwepa. Alisema kule ni kwa wagonjwa, yeye ana kazi.

Asubuhi moja Mama Pacha alikuwa anafagia chumba cha kushonea. Akaokota kipande cha kitambaa cheupe chini ya cherehani. Kilikuwa na doa jekundu. Akamwambia mumewe amejichoma kidole, ataharibu nguo za watu. Fundi akamwonyesha mikono. Vidole vyote vikavu.

Mama Pacha akainama. Pedali ilikuwa na damu.

"Inua mguu."

"Wa nini? Ngoja nimalize kola."

"Baba Pacha. Inua mguu."

Ile sauti, pacha walipokuwa wadogo, iliwakalisha chini hata kama wako uwanjani. Fundi akainua mguu. Kwenye unyayo, karibu na kidole gumba, paling'aa kitu kidogo. Kichwa cha pini. Pini yenyewe ilikuwa imezama yote, na ngozi kuizunguka imevimba na kuwa nyekundu. Haikuingia leo hiyo.

Mama Pacha akaishika kwa kucha, akaivuta. Alikunja uso yeye, utadhani anaitoa kwenye mwili wake mwenyewe. Fundi alikuwa anamtazama tu. Hakuguna, hakupepesa jicho.

Akajaribu utani. Akasema si unaona, mumeo amekuwa chuma. Mama Pacha hakucheka. Damu haikumtisha. Kilichomtisha ni uso wa mumewe, jinsi ulivyotulia. Akachukua simu, akampigia Dada Vua Viatu.

Dada alifika jasho likimtoka. Safari hii hakuwa na haja ya kumvua mtu viatu. Akapiga magoti, akatazama kidonda, akakifunika kwa kitambaa safi. Akasema wanakwenda zahanati sasa hivi, ila kuna kitu kidogo anataka Fundi akione kwanza. Akatoa mkobani kipande cha uzi wa nailoni, mgumumgumu, kimefungwa kwenye kijiti.

Fundi alipoona uzi akachangamka. Akauliza ni namba ngapi. Dada akasema huo haushoni nguo. Akamgusa nao kiganjani, Fundi akausikia. Akamwomba afumbe macho. Sasa atamgusa nyayo zote mbili, pale pasipo na kidonda, na kila akisikia aseme ndiyo.

Fundi akafumba macho. Nje mtu alipita na baiskeli, kengele ikalia. Chumbani kimya. Mama Pacha aliuona uzi ukigusa kisigino. Aliuona ukigusa kidole kidogo mpaka ukapinda. Ukahamia mguu wa pili. Akaweka mkono mdomoni.

"Anza basi, dada," Fundi akasema, macho bado ameyafumba. "Kuna mtu anakuja kuchukua shati lake."

"Nimeshamaliza, baba."

Fundi akafumbua macho. Akamtazama Dada, akamtazama mkewe, na kwa mkewe ndiko alikopata jibu.

"Lakini iliacha kuwaka," akasema. "Ilipona."

"Haikupona, baba yangu. Mishipa ya fahamu ni kama nyaya za simu. Sukari ikikaa juu siku nyingi, inaziunguza. Zikiwa zinaungua, wewe unasikia moto. Zikishakufa, kimya. Mguu unaumia, unapiga simu, na simu haifiki kichwani."

Akaendelea taratibu, hana haraka. Mtu wa hivyo anaweza kukanyaga msumari asijue, akamwagikiwa maji ya moto asijue. Kidonda kinaingia wadudu, na kwa kuwa sukari iko juu, kinachelewa kufunga. Ndiyo maana watu wengine hupoteza mguu kwa kidonda kilichoanza kidogo kama punje.

Hapo Fundi akainamisha kichwa, akalitoa lile la vidonge. Mama Pacha akageukia ukutani. Alitaka kugomba, akajizuia. Dada naye hakumgombeza. Alisema yeye ana kisukari tangu yuko shule, anajichoma sindano kila siku, na kuna kipindi alikuwa anazificha chini ya godoro. Hakuwa mjinga. Alichoka tu kuwa mgonjwa. Watu wa Shirika ndio walimfuata nyumbani, wakakaa naye mpaka akaanza tena.

Zahanati muuguzi alisafisha kidonda, akampa dawa na sindano ya pepopunda. Sukari ilikuwa juu sana, ikabidi daktari apange vidonge upya. Fundi alingoja muuguzi atoke. Ndipo akauliza, sauti imepungua mpaka karibu haipo.

"Wataukata?"

"Siwezi kukudanganya, leo sijui," Dada akasema. "Ninachojua umekuja kabla kidonda hakijaoza. Tutakitunza kila siku, na wewe usiukanyagie."

Usiukanyagie. Kwa fundi cherehani neno hilo ni kama kumwambia mpishi asiguse moto. Walirudi nyumbani, Fundi akakaa, akaitazama mashine yake. Nguo za watu zilikuwa zimekunjwa, zinangoja. Mama Pacha hakuona mumewe akilia ila aliona anasafisha miwani ambayo ilikuwa safi.

Akaenda jikoni, akarudi na kigoda. Akakisogeza ubavuni mwa mumewe, akavua kandambili zake, akavaa viatu, akaweka mguu kwenye pedali.

"Wewe shika kitambaa," akasema. "Miguu ninayo mimi."

Siku ya kwanza ilikuwa vurugu tupu. Mama Pacha alikanyaga kama anaua mende, mashine ikaruka, mshono ukaenda kama mlevi anayetafuta kwao. Fundi akapiga kelele apunguze mwendo. Akapunguza, mashine ikasimama. Wakagombana, wakacheka, wakafumua, wakaanza upya. Majirani walisikia cherehani ikienda na kukwama, kwenda na kukwama, wakaja dirishani kuangalia kuna nini. Baada ya siku kadhaa Mama Pacha akawa anaisikia pumzi ya mumewe tu, anajua sasa ni kona, akanyage taratibu.

Dada alikuja mara kwa mara, na wenzake wa kikundi cha Shirika wakaja naye. Dereva mmoja mstaafu. Mama muuza mboga. Wote wana kisukari, na waliongea hadithi za miguu yao kama watu wanavyoongea habari za watoto wao. Mama muuza mboga alisema yeye hutikisa viatu kabla ya kuvaa, maana siku moja alitembea na kijiwe ndani mpaka sokoni. Dereva alisema sugu hakati kwa wembe, humwachia muuguzi. Dada alileta kioo kidogo. Alimwonyesha Mama Pacha kukiweka chini ya unyayo, kutazama pande zote, hata katikati ya vidole. Maji ya kuogesha yawe vuguvugu, na ayapime yeye kwa mkono, mguu wa Fundi usiaminiwe. Kausha katikati ya vidole. Mafuta paka visiginoni, vidoleni katikati usipake.

Fundi aliona haya mara ya kwanza. Mtu mzima kushikwa miguu kama mtoto mchanga. Mama Pacha akamwambia ameogesha pacha kwenye beseni moja, wote wanapiga kelele, miguu miwili iliyokaa kimya haitamshinda.

Shirika likawa linamtumia ujumbe wa simu kumkumbusha vidonge. Alilalamika kwamba hata mama mkwe hakuwahi kumsumbua hivyo, lakini alivimeza. Alinunua sumaku, akawa anaipitisha sakafuni kila akifunga kazi, pini zote zinaruka kuifuata. Viatu vya wazi aliviacha. Akavaa vipana, vilivyofunika vidole, na soksi alizigeuza nje ndani mshono usimkwaruze. Mshono anaujua yeye.

Kidonda kilikataa, kikakubali, kikakataa tena. Mama Pacha kila mara alikuwa anafungua bandeji akiogopa atakachokiona. Halafu siku moja muuguzi akakitazama muda mrefu, akabonyeza kando, akaita mwenzake naye aone. Kimefunga. Sukari nayo imeshuka mahali pake. Dada Vua Viatu alimkumbatia Mama Pacha hapo hapo kwenye korido, wakayumba wote wawili. Alimwonya Fundi kwamba mishipa iliyokufa haijarudi, kwa hiyo kioo ni cha kila siku, maisha yote. Fundi akasema amesikia. Akaruhusiwa kukanyaga, viatu vikiwa mguuni.

Kesho yake asubuhi Mama Pacha alichukua kigoda, akakirudisha jikoni. Akasimama mlangoni, mikono kiunoni, kuangalia.

Fundi akakaa. Akaweka viatu vyake juu ya pedali. Akakanyaga. Mashine ikaitika, ikaenda, shati likapita chini ya sindano kutoka kwapa hadi kiunoni. Akafika mwisho. Akasimamisha, akalinyanyua, akalitazama kwenye mwanga.

"Umepinda," akasema.

Mama Pacha akasogea, akainama. Mshono ulikuwa umenyooka kama umepigwa rula.

"Umenyooka, Baba Pacha."

"Umepinda. Mimi ndiye fundi hapa." Hakumtazama usoni. "Hebu lete kigoda."

Akakileta.