Ukuta wa Mawe Ndani ya Tangi

Kila asubuhi, kabla hata hajapiga mswaki, Chiriku alikwenda sebuleni kuwaangalia samaki. Jina hilo la Chiriku alipewa na mama yake kwa sababu ya mdomo: akianza hadithi, chai ilipoa na hadithi bado iko mwanzo. Sasa alikuwa darasa la sita, na mama hakuwepo tena. Mama alifariki mvua zilipoanza, baada ya kuumwa kwa muda mfupi tu, na tangu hapo maneno ya Chiriku nayo yalipungua.

Tangi lilikuwa la mama. Alikuwa akifanya kazi mapokezi kwenye kliniki ya meno, na kliniki ilipohamia jengo jingine, daktari alisema huko hakuna nafasi ya tangi. Mama akalileta nyumbani kwa teksi, mawe ya bahari mapajani, samaki ndani ya ndoo. Maji yake hayakuwa ya bomba matupu. Yalichanganywa na chumvi ya bahari mpaka kipimo kikubali. Samaki walikuwa wawili, wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Mkubwa aliitwa Bibi, mdogo aliitwa Bwana.

"Humu Bibi ndiye mwenye nyumba," mama alipenda kusema, huku akimtupia baba jicho. "Bwana analala anapoonyeshwa." Baba, fundi friji asiyecheka ovyo, alikuwa akicheka mpaka anakohoa.

Chiriku alihakikisha pampu mbili zinafanya kazi, akaongeza maji kidogo yasiyo na chumvi kufidia yaliyokauka, akawapa samaki chakula. Mdogo wake, Bonge, ambaye hata darasa la kwanza hajaanza, alisimama kando yake, shati amelivaa ndani nje.

"Dada, mama akirudi safari atamkuta Bibi amenenepa, eh?"

Hapo ndipo moyo wa Chiriku ulipouma kila siku. Siku ya mazishi Bonge aliachwa kwa jirani, na watu wazima wakakubaliana aambiwe kwamba mama amesafiri. Bado mdogo mno, walisema, ataelewa akikua. Baba hakusema ndiyo wala hapana, aliinamisha kichwa tu. Basi mtoto wa watu akawa anasubiri.

"Atamkuta," Chiriku alijibu. "Hebu vaa shati vizuri."

Wiki moja wakaambiwa shangazi anakuja. Shangazi huyu, dada yake baba, hakuwa mtu wa mchezo kwa usafi. Akiingia kwako, anapitisha kidole juu ya kabati kabla hajaketi. Chiriku alilitazama tangi akaona aibu. Pampu ya juu ilikuwa ikirusha matone, na matone yakikauka yaliacha chumvi nyeupe kwenye mfuniko na ukutani. Mawe nayo yalikaa katikati, yameachanaachana, kama vyombo ambavyo havijapangwa.

Akaingiza mkono. Aliyaegemeza mawe yote kwenye kioo cha nyuma, jiwe juu ya jiwe, yakawa ukuta mzuri. Pampu ya juu akaigeuza itazame chini, matone yakakoma. Ya pili, iliyokuwa ikivuma, akaichomoa kabisa. Maji yakatulia tuli.

"Loo! Hapa pamekuwa kama hotelini," shangazi alisema alipofika, na kidole chake hakikupata kitu. Chiriku alifurahi. Nani asiyependa kusifiwa? Lakini hakumuuliza mtu hata mmoja kwa nini mama aliyaacha mawe yameachana, wala kwa nini hakuziruhusu pampu zile zinyamaze.

Siku chache baadaye, alipotoka shule, alimkuta Bibi juu kabisa ya maji, anafungua mdomo na kufunga. Bwana yuko ubavuni mwake. Chiriku alidhani ni njaa, akaongeza chakula. Asubuhi yake Bibi alikuwa amelala ubavu mchangani. Bwana alimsukuma kwa kichwa, akarudi nyuma, akaja kumsukuma tena.

Jamani! Chiriku alilia huku amejiziba mdomo, maana Bonge alikuwa bado usingizini. Alimtoa Bibi kwa kichujio cha chai, akamfukia kwenye kopo la maua nje ya jikoni. Alikuwa hajanawa hata mikono Bonge alipotokea.

"Bibi yuko wapi?"

Angesema kweli, mambo yangeishia pale. Lakini aliutazama uso ule wa usingizi, akaificha mikono yenye udongo mgongoni.

"Amejificha nyuma ya mawe," alisema. "Anapumzika. Usimsumbue."

"Sawa," Bonge alinong'ona, akaondoka akinyata.

Shuleni Chiriku alimweleza rafiki yake wa dawati moja, msichana ambaye darasa zima lilimwita Miwani.

"Umemdanganya? Atamtafuta huyo," Miwani alisema.

"Atasahau."

"Asahau wapi! Mdogo wangu anadai hadi leo puto lililopasuka mwaka jana. Watoto hawasahau, wanasubiri tu."

Na kweli Bonge hakusahau. Kila alipobaki peke yake sebuleni alipanda kiti, akainua mfuniko, akachota chakula cha samaki na kukidondosha nyuma ya ukuta wa mawe, Bibi asife njaa huko aliko. Hakuna aliyejua. Na kwa kuwa maji hayakupita tena nyuma ya mawe, chakula kilituama palepale kikaoza.

Jioni moja baba alirudi kutoka kazini, akasimama mlangoni. "Harufu ya nini hii?"

Tangu msiba baba hakulikaribia tangi. Alilizunguka kama mtu anayekwepa dimbwi. Siku hiyo aliliendea. Maji yalikuwa na ukungu. Bwana alikuwa juu, anahema vilevile Bibi alivyohema.

"Nani ameyabana mawe huku nyuma?"

"Mimi, baba," Chiriku alisema.

Baba alikunja shati, akaanza kuyaondoa. Bonge akaja mbio akamshika suruali. "Baba, usimwamshe Bibi! Amejificha huko! Mimi ndiye ninayemlisha!"

Mkono wa baba ulitoka na uchafu mweusi unaonuka. Akachungulia nyuma ya mawe, akachungulia chini yake, kisha akamgeukia Chiriku.

"Bibi yuko wapi?"

"Alikufa, baba. Nilimfukia. Nikamwambia Bonge amejificha."

"Kwa nini umdanganye mtoto?" baba alifoka. "Si unaona sasa? Huyu mwingine naye anakufa!"

"Hata kuhusu mama tulimwambia amesafiri," Chiriku alisema, machozi yakimshuka. "Nilidhani ndivyo inavyofanywa, baba."

Hasira ilimwishia baba palepale.

"Kwanza huyu," alisema, akimwonyesha Bwana. "Lete ndoo."

Walifyonza uchafu kwa mrija, wakapunguza maji, wakaongeza mengine ya chumvi ambayo Chiriku alikuwa ameyachanganya mapema kwenye pipa kwa kipimo cha mama. Baba aliyarudisha mawe katikati, mbali na kioo, akaacha nafasi kati ya jiwe na jiwe.

"Friji ukiibana vitu mpaka nyuma, baridi haizunguki," alisema huku akifanya kazi. "Nyama inaoza ndani ya friji nzima. Hapa ni hivyohivyo. Maji ya juu yakichezacheza, yanachukua hewa. Yakipita nyuma na chini, yanabeba uchafu hadi kwenye kichujio cha tangi. Huyu ni samaki wa baharini, maji yaliyosimama hayawezi."

Pampu moja waliiweka juu upande wa kushoto, itikise uso wa maji. Ya pili waliirudisha kwenye umeme, wakaiweka chini kidogo upande wa kulia, inatazama kioo cha nyuma ili isimpige Bwana moja kwa moja.

"Mama alikuwa anamwaga punje chache za chakula," Chiriku alisema, "anaangalia zinakwama wapi."

Wakamwaga. Kwenye kona moja punje zilishuka zikalala. Baba akaigeuza pampu kidogo. Wakamwaga tena, na safari hii punje zilizunguka tangi lote. Matone yalianza kurukia mfuniko kama zamani, na hakuna aliyeyafuta.

Muda wote huo Bonge alikuwa amekaa kwenye kiti, anawatazama.

"Kwa hiyo Bibi hajajificha," alisema.

"Hapana, mwanangu. Bibi amekufa."

"Atarudi lini?"

"Aliyekufa harudi."

Bonge alifikiri. "Baba, na mama naye amejificha?"

Baba alikaa sakafuni, mikono imelowa. Chiriku alitamani pampu zivume zaidi asisikie.

"Mama hakusafiri," baba alisema. "Mama aliumwa, akafa. Sisi wakubwa tuliogopa kukuambia. Nisamehe, mwanangu."

Bonge hakulia. Alishuka kwenye kiti, akaenda chumbani, na kutoka chini ya kitanda akaleta mfuko wa nailoni. Ndani mlikuwa na vipande vya biskuti na mkate ulioota ukungu, sisimizi wanatambaa. Akamkabidhi baba.

"Nilikuwa namwekea mama," alisema. "Nilijua atarudi na njaa."

Ndipo akalia. Baba alimkumbatia, akamvuta na Chiriku, naye akalia kwa sauti, kilio ambacho Chiriku hakukisikia hata siku ya mazishi.

Walipotulia, baba alifuta macho kwa mkono wa shati. "Sikilizeni, wanangu. Kosa hili nimelianza mimi, wewe Chiriku umenifuata tu. Nilidhani ninamwonea mtoto huruma. Kumbe ukimficha mtu msiba hujamwondolea. Umemwacha asubiri peke yake. Kweli inauma, lakini mkiijua wote mnalia pamoja. Kuanzia leo humu ndani tunaambiana."

"Hata mabaya?" Bonge aliuliza.

"Hata mabaya. Na jambo usilolijua, Chiriku, uliza kabla hujaligusa."

Bwana hakula siku ya kwanza, wala ya pili. Ya tatu alishuka chini, akapita kati ya mawe, akadaka punje mbili.

Jumapili baba aliwapeleka makaburini. Bonge alisimama mbele ya kaburi, akamshika dada yake mkono.

"Shikamoo, mama," alisema. "Bibi amekufa. Lakini Bwana anakula."