Ya Mlimani Usiniambie

Jumamosi ya mwisho wa mwezi pale Njoli, uwanja wa wachoma nyama, ni moshi mtupu, na mtu anayekwenda kununua nyama na koti jeupe amejitakia mwenyewe. Mzoxolo alilivaa. Zoleka, kilemba chekundu kimelala upande, alikuwa akigeuza mbavu za kondoo juu ya makaa. Mafuta yakaruka, yakatua kifuani pa mteja.

"Pole, kaka. Ila na wewe, koti la harusi unakuja nalo kwenye nyama choma?"

"Harusi ipo. Amekosekana bibi harusi tu."

"Ukoo gani?" Kwao wa ukoo mmoja hawaoani, na hilo huulizwa kabla ya jina.

"Tolo."

"Mimi MaRadebe, binti wa ukoo wa Radebe. Basi hatuna udugu. Kula."

Akala, akarudi kesho, na kesho yake. Fundi wa kushona viti vya magari, vidole vyake vilikuwa vigumu lakini alimshika mkono barabarani kama anayeshika yai. Alimbusu mlangoni. Ila mlango ukifunguka zaidi, ghafla alikumbuka kazi za asubuhi. Mwanzoni Zoleka aliita hiyo heshima. Baadaye akaanza kujitazama kwenye kioo, mbele na nyuma.

"Mpenzi, nanuka moshi?"

"Unanukia vizuri."

"Basi leo lala hapa."

Aliondoka mbio kama anayedaiwa kodi. Kesho yake akapiga simu.

"Zoleka, nimeulizia nyumbani. Bibi yangu mzaa baba alikuwa Radebe. Sisi ni ndugu. Ni mwiko."

"Sema tena."

"Umesikia."

"Ni nani huyo mwanamke, Mzoxolo?"

Simu ikakatika.

Kwa watu wale hakuna uongo unaofunga mlango kama huo. Wala hakuna ulio rahisi kukagua. Zoleka alilia, akanawa uso, akavaa sketi ndefu na shali mabegani, akaenda kwa Mama Nofezile, mama yake Mzoxolo.

"Radebe?" mama alishangaa. "Mama mkwe wangu alikuwa wa ukoo mwingine kabisa, MaMpinga, Mungu amrehemu, yeye na mdomo wake." Kisha akakunja kitambaa cha meza, akakikunjua. "Mwanangu, ya jandoni, ya huko mlimani, hayasemwi mbele ya wanawake, na mimi ni mwanamke. Kwa hiyo sijui kitu. Ila najua mwanangu alipanda mlimani kwa miguu yake, akarudishwa na gari la wagonjwa. Na najua Jumatatu analazwa hospitali kubwa, wodi ya wanaume. Utakunywa chai?"

Jumatatu alimkuta kitandani na shuka la hospitali, mkono wa kushoto umenyolewa na kuchorwa kwa wino kuanzia kifundo mpaka karibu na kiwiko.

"Hujambo, ndugu yangu wa damu?"

Mzoxolo alifumba macho. "Zoleka, nenda. Siwezi kukueleza. Unajua siwezi."

"Ya mlimani usiniambie. Sikuyaomba. Niambie ya humu ndani. Huku si mlimani, huku kuna lifti."

Alicheka kidogo.

"Watachukua ngozi na nyama ya mkono huu, pamoja na mishipa yake, wanitengenezee uume," alisema kwa sauti ya chini. "Wangu ulifungwa kitambaa kikakazwa mno, damu haikupita, ukaoza. Kilichobaki si cha kumwonyesha mtu. Miaka yote hii nakojoa nimechutama, mlango nimeutia komeo."

"Na huo mpya?"

"Nitakojoa nimesimama, Mungu akipenda. Hayo mengine yanahitaji operesheni nyingine baadaye. Korodani ziko salama. Daktari anasema watoto wanawezekana. Lakini mishipa ikiziba, nyama inakufa upya. Ningeanzia wapi kukwambia? Aliyeponea hospitali, wenzangu hawamhesabu mwanaume."

Mgonjwa wa kitanda cha jirani alijifanya amelala.

"Nimekasirika," alisema Zoleka. "Si kwa hilo. Miezi yote nilidhani mimi ndiye mbovu. Halafu ukanifanya dada yako!"

"Nisamehe."

"Sijui. Pona kwanza."

Hata hivyo hakuondoka. Walipomsukuma kwenda chumba cha upasuaji alitembea ubavuni mwa kitanda mpaka pale anaposimamishwa kila mtu. Jua liliingia dirisha moja la ukumbi, likatokea la pili, yeye yuko palepale, na chakula alichofunga nyumbani kimepoa mapajani.

Mzoxolo alirudishwa amefungwa bandeji mkono na mapaja. Kila saa muuguzi alikuja kusikiliza kama damu inapita kwenye kiungo kipya, akaomba mgeni atoke nje ya pazia. Zoleka alitoka, akasimama hatua moja tu, mkono umelishika.

Kimya. Muuguzi alisogeza kidude chake cha kusikilizia damu, akasogeza tena.

Kisha ikasikika: vuf… vuf… vuf… damu ikipita.

"Zoleka?" sauti iliyolegezwa na dawa ya usingizi ilimwita kutoka ndani. "Bado upo?"

"Nipo."

"Nikiwatuma wazee wangu kwenu, watafukuzwa?"

"Waje," alisema Zoleka, paji la uso amelilaza kwenye pazia. "Na wewe dada muuguzi, tafadhali, hicho kidude usikiondoe kwanza. Niache nisikie kidogo."

Muuguzi hakukiondoa.